Nampima Mwanangu Kichwa kwa Futi ya Nguo

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie, na nakuomba unisome mpaka mwisho maana huku sina wa kumwambia. Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumbani humohumo ninamolala, na mimba ilipokuwa changa nilishikwa na homa na vipele mwili mzima, nikapimwa nikaambiwa ni virusi vinavyoenezwa na mbu, vile vinavyoweza kumfikia mtoto tumboni vikamdhuru ubongo, basi tangu hapo raha ikanitoka. Nilipojifungua, binti akalia vizuri, akanyonya vizuri, mkunga akamsifu, lakini daktari akasema hata hivyo arudishwe apigwe altrasaundi ya kichwa, wanaangalia kupitia utosini pakiwa bado laini, na nisichelewe maana utosi ukishafunga hawaoni tena.

Shangazi, nilikwenda. Nikakaa kwenye benchi, kila mama kaja na mtu wake, huyu na dada yake, yule na mume anayepiga miayo, mimi na begi la nepi, na nesi alipoita jina la mwanangu nikanyanyuka nikatokea mlango wa nyuma kama mwizi. Sasa kila asubuhi nampima kichwa kwa futi yangu ya nguo, nikiona kimeongezeka nashukuru, nikiona kimegoma napima tena, safari hii nimeilegeza futi kidogo. Nimemshonea kofia za kila rangi ili mtu asimwone kichwa, wateja wanasema jamani kapendeza, wanachukua magauni yao wanaondoka. Baba yake yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara, akipiga simu kuuliza habari za hiyo picha ya kichwa namwambia foleni ilikuwa ndefu. Jirani yangu, mama muuza mkaa, hunibishia hodi kila asubuhi kuuliza tumeamkaje, namjibu kutoka ndani, salama tu, nasikia kandambili zake zikienda zake, halafu nalia. Mtoto anayenyonya na kunikodolea macho hivi si mzima jamani? Nisipompeleka nitakuwa nimekosea?

Mama Kofia

Mama Kofia, pole sana, mwanangu. Umebeba hofu hii peke yako tangu mimba, na si mzigo wa mtu mmoja.

Sasa nikugombeze. Ndiyo, utakuwa umekosea, tena sana. Futi unailegeza mwenyewe halafu unaiamini! Mteja ukimpima hivyo, gauni si litamvuka? Na hata ukipima sawasawa, futi inazunguka nje, daktari anataka kuona ndani. Kunyonya vizuri ni jambo la kushukuru, ila hakumwonyeshi mtu ubongo ulivyo. Picha yenyewe haichomi wala haiumizi: wanampaka jeli utosini, wanapitisha kifaa juu juu, nawe umempakata. Haitamtia ugonjwa asiokuwa nao. Ikikuta tatizo, ataanza kusaidiwa angali mchanga, na hapo ndipo msaada unapofaa zaidi. Isipokuta kitu, bado watataka kumfuatilia, macho na masikio pia, na utakwenda, hakuna cha mlango wa nyuma tena. Majibu mazuri siyaahidi. Siwezi kuona kichwa cha mtoto nikiwa hapa mezani kwangu.

Ila nakusoma naona kilichokukimbiza si mashine, ni lile benchi. Basi leo hii mpigie baba mtoto umwambie ukweli: sijampeleka, naogopa. Yuko mbali, lakini masikio anayo, na mtoto ni wake pia. Akikasirika, akasirike, kisha akae kwenye simu nawe mpaka nesi aite.

Na huyo muuza mkaa, ee mama, unadhani anafuata nini mlangoni kwako? Mkaa anauzia kwake. Anakuja kwa ajili yako, na kila siku unamrudisha! Kesho akibisha usimjibu kutoka ndani. Mvue mtoto kofia, mbebe, fungua mlango, umwambie, "Mama, nisindikize hospitali, siwezi kukaa pale peke yangu." Halafu mpe mtoto ampakate wakati wewe unatafuta viatu.