Uwanjani Hakuna Shangazi

Ghala la Tatu, nyuma ya kiwanda cha nguo,
S.L.P. 418.
Jumapili, tarehe 11 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Uliandika kwamba daktari amekulaza juu ya ubao kama samaki wa kuanikwa. Nilimsomea Mama sehemu hiyo akacheka mpaka akakohoa. Na wifi je, anapata usingizi siku hizi? Mwambie namkumbuka kila ninapopiga pasi, maana ndiye aliyenifundisha kukunja kola.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama amepona mafua, ila sasa ana ugomvi na redio. Anadai msomaji wa habari anameza maneno makusudi ili yeye asisikie. Fundi seremala, yule mliyekuwa mkirusha naye mpira kwenye ndoo iliyotobolewa kitako, anakusalimu. Anauliza kama Mguu Tatu (bado anakuita hivyo) bado anakimbia na mpira mkononi bila kuudunda. Nimemwambia mtu haachi asili.

Mimi bado ni mtunza stoo mchana, na Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu, ni kocha. Ghala ni lile lile. Mistari ya uwanja tuliipaka upya mwezi wa nne kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka milango, kwa hiyo tunacheza mpira wa kikapu kwenye uwanja wenye mistari ya kijani. Timu ina wachezaji kumi, wote mafundi wa cherehani na wakataji wa vitambaa. Nahodha ni yule yule Mama Mapacha. Bado anawapigia simu wanawe wakati wa mapumziko ya maji, na wanawe bado wanamjibu vibaya.

Kaka, barua hii nimeianza mara tano. Tarehe zote ziko kwenye shajara yangu, na mbele ya kila moja nimeandika "sikumaliza". Leo nitamaliza.

Unakumbuka mpango wetu wa mchezo tulioupa jina la Uzi. Binti yako ndiye aliyeufanya uwezekane. Wanne wanapasiana mpira kuzunguka kikapu, taratibu, kama mtu anayepiga bandi, ule mshono wa mkono wa kushikiza nguo. Yeye, Sindano (najua hukulipenda jina hilo, lakini timu nzima ilimwita hivyo) anapita nyuma ya mabeki, anachomoza kwenye kona ya kulia karibu na mlango wa bati. Ninapohesabu nne, nahodha anatupa mpira kwenye kona bila kugeuza kichwa. Akitazama tu, beki atajua. Nilikuwa nawaambia: tupa kwanza, mtu atakuwepo. Na kweli, miezi kumi na minne aliyocheza kwetu, hakuna siku mpira ulifika kona ile ukamkosa.

Sasa hayupo, na mikono yao haijui. Nikihesabu nne, mpira unaenda kona, unagonga bati, ngo! Nilimweka msichana mpya pale, mkataji mrefu tunayemwita Mnara. Anajitahidi, lakini hufika kwenye tano. Nilifuta Uzi ubaoni, nikawafundisha mpango mwingine wa kuanzia kushoto. Katikati ya mpango huo wa kushoto, nahodha akatupa kulia. Ngo!

"Mama Mapacha, tumesema kushoto!"

"Najua, Kocha. Si mimi, ni mkono. Ulitufundisha kutotazama, na sasa hatutazami."

Kuna jambo lingine. Wewe unajua nilivyo na hesabu. Hata vifungo vya stoo nahesabu mara mbili. Kwenye mbio za mistari (wanakimbia mpaka mstari wa kwanza na kurudi, wa pili na kurudi, hivyo hivyo mpaka ukutani) mimi husimama nimewapa mgongo na kuhesabu viatu vinavyolia kwenye kona ya kugeukia. Tangu mwezi wa tano nimepata kumi na moja mara sita. Wachezaji ni kumi. Mara ya tatu niligeuka na kuwapanga mstari, nikamgusa kila mmoja bega. Kumi. Walinitazama, hakuna aliyeuliza ninatafuta nini.

Alhamisi iliyopita nahodha alitupa tena mpira konani, na sote tukangoja bati. Halikulia. Tulipogeuka, mpira ulikuwa umetulia juu ya mstari wa kijani. Haukuwa ukitikisika. Nimepima sakafu ile kwa pima maji ya fundi seremala na haina bonde. Mnara alirudi nyuma mpaka akanikanyaga. Nahodha akasema polepole, "Amepokea." Kisha akajifuta uso kwa fulana na kuniambia, "Kocha, kuna kitu anataka kwako. Sisi hatudai."

Nilipofika nyumbani nilifungua shajara ya mwaka jana.

Katika barua yako ya mwezi wa sita uliuliza tena alisema nini mwisho. Nilikujibu mara mbili kwamba hakusema kitu, alianguka tu ghafla. Nilikuambia pia kauli ya daktari, kwamba moyo wake ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa, na hata ngazi za nyumbani zingeweza kumwangusha. Hiyo kauli ni ya kweli, daktari aliisema. Lakini daktari alijibu alichoulizwa. Sikumweleza yaliyotokea kabla, na wewe pia sikukueleza.

Unajua aliishi kwangu. Nyumbani aliniita Shangazi, asubuhi mpaka jioni, Shangazi chumvi iko wapi, Shangazi nisuke. Alipojiunga na timu, wengine wakaanza kunung'unika kwamba kocha atampendelea. Nikaweka sheria mbele ya wote: uwanjani hakuna shangazi. Uwanjani mimi ni Kocha, na anayekosea kuniita anaongezewa mzunguko. Walicheka. Yeye alicheka kuliko wote. Sheria ilifanya kazi vizuri, manung'uniko yaliisha. Nilijivunia, Kaka. Niliiandika hata kwenye shajara kama jambo la busara.

Tarehe 13 Agosti mwaka jana, Jumatatu ya mazoezi ya ziada, tulikuwa kwenye mbio za mistari. Alisimama kwenye mstari wa tatu, mkono kifuani, akasema:

"Shangazi, kifua kinabana."

Nilimsikia. Sikuwa mbali, hatua nne hivi. Wenzake walikuwa wakitazama nitafanya nini. Nikamjibu:

"Uwanjani hakuna shangazi."

Akavuta pumzi. Akasema, "Kocha, kifua kinabana."

"Mizunguko miwili, kisha maji. Ule wa pili ni wa kosa lako."

Mmoja akacheka, kicheko cha mazoea tu, si cha ubaya. Yeye akasema, "Sawa, Kocha," akakimbia. Aliumaliza wa kwanza. Wa pili aliuanza.

Jioni ile, baada ya kutoka hospitali, niliandika kwenye shajara kama ninavyoandika kila siku. Sijui mkono uliwezaje. Niliandika saa, idadi ya waliohudhuria, mazoezi tuliyofanya, na maneno hayo yote kama nilivyokuandikia hapa. Kisha nikakuandikia wewe barua isiyo na hata neno moja kati ya hayo. Ukurasa huo nimeukata kwa wembe, umo ndani ya bahasha hii. Nilitaka kuunakili nikaona nikinakili nitalainisha.

Sikuandikii ili unionee huruma, wala sisemi kwamba angepona kama ningemketisha. Hilo sitalijua, na nimeacha kulitafutia jibu. Ninachojua ni kwamba mwanao aliniita, na mimi nikamrekebisha jina. Alikuwa wako, na ulikuwa na haki ya kujua tangu siku ile ile. Mwaka mzima nimekuacha ung'ang'anie kunishukuru kwa kumlea.

Mama hajui. Nimeamua usome wewe kwanza, kisha uniambie kama nimwambie mwenyewe au utamwambia wewe. Wifi naye ni hivyo hivyo. Lolote utakaloamua nitalifuata.

Timu nimeieleza yote haya juzi, Ijumaa, nilipowaita kwenye benchi. Watano kati yao walikuwepo siku ile, kwa hiyo waliyajua. Wamekaa nayo mwaka mzima kama mimi. Sheria nimeifuta. Mtu aniite atakavyo, na akisema anaumwa, zoezi linasimama kwa wote mpaka aseme mwenyewe kwamba yuko tayari. Mnara aliuliza, kwa woga, kama anaweza kuniita Mama, maana neno Kocha linamkaukia mdomoni. Nimemkubalia.

Jumanne itakuwa tarehe 13. Mpango wa Uzi nitauandika ubaoni tena. Nimegundua kosa lilikuwa langu: nilimtaka Mnara akimbie kama Sindano, na miguu yake si ile. Nitahesabu mpaka tano. Lakini kwanza, mara moja tu, nitahesabu nne, nahodha atatupa, na hakuna atakayegeuka.

Wasalimie wadogo wa binti yako wote wawili, na mkubwa wao mwambie barua yake yenye picha ya treni iko ukutani juu ya cherehani. Msalimie shemeji mpishi na yule mzee jirani yenu anayekuletea magazeti. Mungu autulize mgongo wako, na aulinde moyo wako utakaposoma ukurasa ule.

Najua utachelewa kujibu. Huenda usijibu. Lakini ukijibu, hata kama barua nzima ni hasira, naomba uianze na neno "Dada". Ukiona huwezi, anza na lolote. Nitaisoma yote.

Mimi nikupendaye, niliyepaswa kuitika,
Mdogo wako.