Alama Nyeusi kwenye Toazi la Kanisa

Mjukuu wangu,

Huku Kilibula tuko wazima, mama yako anakusalimia. Unaniuliza utaondoa namna gani ile alama nyeusi kwenye toazi la batri, zile ngoma za kanisa, nililokupa.

Wakati wa vita, askari waliingia kanisani kwetu, wakaliweka toazi motoni na kuchomea samaki wadogo, ndagala, juu yake. Walipohamia ng'ambo ya barabara, nililisugua kwa limau na majivu, nikifuata mistari yake lisikwaruzike. Katikati pakagoma kutakata.

Mzee wa kanisa, akiwaogopa wale askari, akaninong'oneza, "Mama, leo tusipige, basoda iko karibu."

"Minye nitapiga!" nikamjibu.

Nikafungua milango yote, nikapiga. Sauti ilikuwa imekauka, lakini askari waliisikia kule ng'ambo.

Usiiondoe alama hiyo. Palepale penye moto wao ndipo upige.

Koko yako