Kuhesabu Kilimia

Jumatatu, 17 Novemba

Mitungi kumi na miwili kabla ya chai. Kichwa kinagonga tangu nilipoamka. Wiki ya tatu sasa. Mvua haikatiki, jiko nalala nalo ndani ili ovaroli ikauke. La kwanza niliacha barazani, likaibiwa.

Pikapu ya kituo ilituchukua Misugusugu saa kumi na mbili. Kisarawe, kilipo kituo, tope tupu. Kituo kinafundisha marubani lakini hakina ndege hata moja. Kina chumba. Rubani anakaa mbele ya skrini kama anaruka usiku, huku nje ni mchana. Mashine inapunguza oksijeni humo ndani mpaka anapumua kama yuko juu futi elfu kumi na mbili. Anaambiwa ahesabu taa za uwanja kwenye skrini. Anahesabu chache. Hajisikii vibaya, wengine wanacheka kabisa. Akivaa barakoa ya oksijeni, taa zinarudi zote. Kapteni Rehema, mwalimu wao, anasema macho ndiyo ya kwanza kudai hewa, na usiku hayana subira.

Oksijeni hiyo naibeba mimi, begani. Jirani yangu Chande ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, utani hauishi. Babu zenu walibeba pembe, anasema, wewe mtani unabeba hewa.

Leo sikucheka.

Jumatano, 19 Novemba

Mwangalizi wa chumba anaacha kazi. Kapteni ameniita, ameniuliza kama naitaka nafasi. Kazi ni kukaa ndani na wanafunzi gizani, kuangalia mikono yao. Anayezidiwa anainua mkono, mwangalizi anamvalisha barakoa. Basi. Hakuna mitungi.

Mgongo wangu umekwisha. Miaka minne sijamwona mke wangu Pili. Mtoto wetu aliyebaki Urambo akinyonya, sasa anachunga mbuzi. Mwangalizi anapewa chumba cha kuishi hapo hapo kituoni, na mke anaruhusiwa.

Ila lazima nipimwe macho Jumatatu. Taa saba gizani, mashine imezimwa, hewa ya kawaida. Nizione zote.

Sijamwambia mtu kwamba jioni siku hizi sioni vizuri. Juzi nimejikwaa kwenye ndoo ya mke wa Chande, ndoo nyeupe.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua ilikatika kidogo. Nilipotoka kumwaga maji ya sufuria ya ugali, Chande alikuwa barazani anaangalia Kilimia. Kwao nao walikuwa wanapimana macho kwa kishada kile cha nyota, kama kwetu. Akaniuliza naona ngapi.

Nikasema sita. Kila mtu anajua ni sita.

Niliona ukungu. Kitu kama mate kwenye kioo.

Baba alianza hivi hivi. Kwanza akaacha kuhesabu Kilimia. Kisha akaacha kutoka jioni. Kisha tukawa tunamshika mkono kwenda chooni. Alikuwa na umri huu wangu.

Nimejifungia. Nimewasha jiko, nimekaa tu. Naogopa.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimefanya jambo baya na nimefaulu.

Wenzangu walipokwenda kunywa chai niliingia stoo. Nikafungua mtungi, nikavaa barakoa, nikavuta tangu saa nne mpaka saa tano. Kichwa kikanyamaza. Nilipotoka, majani ya mkorosho yalikuwa kijani kuliko jana.

Taa saba, nimeona saba. Kapteni akanipa mkono.

Nimempigia Pili. Alilia. Nimemwambia aanze kufunga mizigo.

Jumatano, 26 Novemba

Siku ya kwanza ndani. Wanafunzi wanne. Asubuhi sikupata nafasi ya kuingia stoo.

Mlango ukafungwa, taa zikazimwa, ikabaki moja nyekundu, ndogo. Nilikaza macho mpaka yakatoa machozi. Niliona vichwa vinne. Mikono sikuiona.

Yule binti wa mwisho aliinua mkono. Kapteni aliuona kwenye kamera akiwa nje. Mimi nilikuwa hatua mbili. Nilisikia kitu kikianguka, kumbe ni kichwa chake kimegonga meza. Kapteni ameingia mwenyewe, amemvalisha barakoa. Binti amezinduka upesi, akauliza kwa nini sote tunamtazama.

Alikuwa na damu kwenye nyusi. Wenzake wanasema hakuinua mkono vizuri. Amekubali, ameomba radhi. Ameniomba radhi mimi.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikulala. Nimekwenda ofisini kwa Kapteni kabla ya pikapu kushusha watu wote. Shikamoo, marahaba, nikasema yote. Mtungi, macho, baba.

Akauliza kama navuta sigara. Sivuti. Kichwa kinauma saa ngapi? Asubuhi. Nalala na nani? Peke yangu. Na nini kingine humo ndani? Nikataja jiko kama mtu anayetaja kiti.

Akaniambia moshi wa mkaa usioonekana unakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu anaweza kulala nao asiamke.

"Maganga, wanafunzi wangu wanapanda juu chumbani mle nusu saa. Wewe unapanda kila usiku, na godoro lako."

Nikauliza kama ni upofu. Akasema niende hospitali nikapimwe, ila nianze kwa kutoa jiko. Nikauliza kazi.

"Macho huenda yakarudi. Hiyo kazi sikurudishii. Yule binti alikuwa anakutegemea wewe."

Ni kweli.

Mitungi tisa mpaka saa sita. Jioni nimempigia Pili nimwambie afungue mizigo. Hakulia safari hii. Bora angelia.

Jumapili, 7 Desemba

Jiko nimelitoa. Linakaa kwenye baraza ya Chande, tumelifunga kwa mnyororo wa baiskeli yake. Ovaroli navaa mbichi. Kichwa hakijauma, leo siku ya nane.

Hospitali wameniangalia kwa kurunzi, wamesema nirudi mwezi ujao. Hawajasema ni ugonjwa wa baba. Hawajasema siyo.

Mvua imepumzika leo. Tumekula mihogo nje, mimi na Chande na mkewe. Giza lilipoingia Chande akanyoosha kidole juu kwenye Kilimia, akaniuliza tena, mtani, ngapi?

Nikaangalia muda mrefu. Hakunihimiza.

Nikasema tano.

"Mbona siku ile ulisema sita?"

Nikamwambia siku ile nilisema uongo, leo nimehesabu.

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea chumvi.