Moto wa Kuimalizia Ndege ya Kaka

Nyumbani, chumba cha karakana,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje, baridi ya huko imekionea huruma? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila mama halali vizuri.

Nimeamua kuimalizia ile ndege aliyokuwa akiiunda kaka. Usigune kwanza, nisikilize. Tangu mpira wa gesi umlipukie akichomelea, tukamzika, ile fremu imebaki karakanani kama mifupa ya samaki. Upepo ukipenya kwenye mabomba yaliyo wazi hupiga mluzi, na mama huko jikoni huitika, "Naam, mwanangu!" Hakuna anayethubutu kumwambia kuwa ni upepo.

Basi nilikwenda kutafuta mtambo mdogo wa kuchomelea kwa gesi, ule unaobebeka, maana fremu imejaa chumba kizima, haigeuziki. Moto ndio uifuate. Mitungi mirefu kama ya kaka sikutaka hata kuitazama. Muuzaji akanionyesha miwili mifupi, imesimama kwenye kitoroli na kufungwa mnyororo. Nikachukua na ncha ya kutolea moto, ndogo kuliko zote, kwani mabomba yale ni membamba, moto mkali huyatoboa.

Akataka kunifanyia wema: "Hivi vizuizi, vya kuzuia moto usirudi kwenye mpira, viache tu, bei ipungue. Wengi hawavichukui."

Kaka hakuwa navyo. Nikamwambia, "Bila hivyo, baki na mtambo wako."

Mama alikuwa hajakanyaga karakanani tangu msiba. Jana aliingia, akakishika kizuizi kimoja, kidude cha shaba, kidogo kama kidole gumba.

"Ndicho kinachozuia?"

"Ndicho, mama."

"Hiki tu?"

Nilikipokea, dada, nikakifunga kwenye mpira.

Aliketi juu ya ndoo nikiwasha. Moto ulipolia "po!" alinishika bega, lakini hakuondoka. Kiungio cha kwanza kimeshika, tena kimeshika barabara. Kilipopoa alikipapasa, akasema, "Uipake rangi aliyoitaka mwenyewe."

Rangi hiyo siijui. Mama naye haijui. Wewe ndiwe uliyekuwa mwandani wake. Kama aliwahi kukutajia, tafadhali niambie.

Msalimie shemeji, na yule kitinda mimba wako, Machachari. Mama na shangazi wanakukumbuka kila wakikaa kula. Mungu akufunike kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Kimya.