Ukuta wa Moto wa Bi Mwanaheri

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu, itakufaa siku za mbele. Naomba msaada wako, ingawa mimi si mtu wa kuomba msaada, waulize hapa Sumbawanga, mimi ndiye ninayeombwa, redio ikikoroma naitwa mimi, taa ya baiskeli ikigoma naitwa mimi, darasa la saba sikulimaliza lakini walioimaliza shule wananipisha njiani nikipita na plaizi yangu mfukoni.

Naishi kwa Bi Mwanaheri, mjane wa Kiislamu, umri wake wa kuwa bibi yangu, mwanawe Bashiri ana lori na maisha yake ni njiani tu, Tunduma na Mbeya, nami nilipofika mjini miaka mitatu iliyopita na kifurushi kimoja yeye ndiye aliyenipa chumba cha uani, nikamuuliza kodi, akasema, "Kodi yako ni kunichekesha, na siku usiponichekesha utahama." Nilipougua homa alikaa na mimi siku nne akinilisha uji wa ulezi kwa kijiko. Jumapili nikilala ananigongea mlango, "Amka wewe Mfipa wangu, kengele ya kanisani kwenu inalia, au unataka nikuendee mimi?" Ndiyo mtu mwenyewe huyo.

Sasa nyumba yake ina umeme, taa tatu, aliyeziweka ni Ndugu Kasimiri, fundi mwenye leseni, na leseni yake kaitia fremu kama picha ya harusi. Bashiri akamletea mama yake jiko la umeme la sahani mbili. Kasimiri akaja, akatazama, akakuna kichwa, akasema jiko halitakiwi kunywa kwenye waya wa taa, linataka waya wake mnene, na waya mnene nchi nzima hakuna, ameagiza, tungoje, na mpaka ufike jiko lisichomekwe. Tukangoja miezi mitano. Mimi mtaani nikawa namwita Bwana Cheti, akipita nasema, "Shikamoo Bwana Cheti, hiyo karatasi yako leo imewasha taa ngapi?" watu wanakufa kwa kucheka, naye anaitikia marahaba na kwenda zake.

Ilipofika Aprili nikachoka kungoja. Nikaunga waya wa taa, nikaupitisha ndani ya ukuta wa chumba cha Bi Mwanaheri, nikaziba kwa udongo, nikapaka chokaa, hata wewe usingejua. Jiko likawaka, chai ikachemka, nikapigiwa vigelegele. Ila fyuzi ikawa inakatika, naweka kiwaya kingine, inakatika, mara tatu kwa wiki, na hapo Mshauri nieleweke, mimi ni mjukuu wa wahunzi, babu yangu alifua majembe kwa chuma kilichoyeyushwa kwetu huku huku Ufipa, na kwetu kitu kinachokatika ni aibu, mtu akirudisha jembe lililovunjika babu alikuwa hali mpaka alirudie kulifua. Leo mtu wa kiwandani anatengeneza kiwaya kama unywele, kinakatika kila siku, tunaambiwa ndio ufundi. Nikachukua msumari aliofua babu mwenyewe, nikauweka mahali pa fyuzi. Huo haujakatika mpaka leo.

Juni ikaingia na baridi yake, wewe wa Dar es Salaam huijui, maji ya kunawa yanauma. Bi Mwanaheri akagundua kwamba jiko likiwaka ukuta wa chumbani kwake unapata joto. Akahamisha kitanda, akakisukuma mpaka kikaugusa ukuta. Jioni anabandika maji ya chai jikoni, anaenda kulala ameegemeza mgongo ukutani, anasema, "Mfipa wangu, mikono yako ina baraka. Hata marehemu hakuwahi kunikanda mgongo hivi." Akawaita majirani, Bi Hamisa na Mama Cornelia, wakaugusa ukuta kwa zamu, wote wawili sasa wanataka ukuta kama huo, na Bi Mwanaheri ameshawaahidi kwamba mimi nitawafanyia.

Wiki iliyopita nilikuwa nanyolewa kwa Evaristi, kichwa kimefika nusu, Kasimiri naye kakaa kwenye benchi anangoja zamu. Evaristi akamuuliza mambo ya umeme, yule mzee akasema, bila hata kunitazama, "Nyumba ya umeme ukuta ukiwa na joto, usiuote, ukimbie. Waya unaungua humo ndani. Fyuzi inawekwa ikatike yenyewe kabla nyumba haijaungua." Mimi nikataka kuondoka na nusu ya nywele.

Nikaenda nyumbani nikanusa ule ukuta. Unanuka mpira. Na chokaa imebadilika rangi, imekuwa kama chapati iliyoiva upande mmoja. Kesho yake nikatoa msumari nikarudisha fyuzi ya dukani, jiko lilipowashwa tu ikakatika, ukuta ukapoa, Bi Mwanaheri akajikunyata ndani ya khanga mbili na blanketi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Umeuharibu ukuta wangu, mwanangu?" Mshauri, nikarudisha msumari.

Tangu siku hiyo sili vizuri. Nikimwambia ukweli ataniona mwongo na atanifukuza, na mimi mjini sina mtu mwingine kama yeye. Nikienda kwa Bwana Cheti atanicheka mpaka Krismasi. Nieleze nifanyeje ukuta upoe bila bibi kujua na bila yule mzee kujua, na usilitaje jina langu, ingawa kwa upande wa sifa ningependa litajwe.

Ni mimi, Fundi Asiye na Mpinzani, Sumbawanga.

*

Fundi,

Barua yako umeiandika tarehe kumi na moja, imenifikia tarehe ishirini na nne. Siku kumi na tatu bibi wa watu amelala ameegemea moto, nawe unaniomba njia ya yeye asijue. Njia hiyo haipo, na ingekuwapo nisingekupa.

Kuweka msumari mara ya kwanza ulikuwa ujinga, na ujinga nausamehe, maana nimeuona hata kwa wenye shahada. Mara ya pili ulijua. Ulishasikia kwa kinyozi, ulishanusa, ulishaona chokaa, na bado ukaurudisha kwa sababu sauti yake ilikuchoma. Unampenda, hilo limejaa katika kila mstari, lakini ulichokilinda siku ile ni sifa yako. Babu yako alikuwa hali mpaka alirudie jembe lililovunjika. Wewe huli na jembe hujaligusa.

Elewa na jambo moja la kazi yako. Fyuzi iliyokuwa inakatika ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko kitu chochote ulichowahi kutengeneza. Ilikuwa inakuambia kila mara kwamba waya ule hauwezi mzigo ule. Ukaifunga mdomo kwa msumari.

Sasa sikiliza. Swichi kubwa inazimwa na haiwashwi. Huo msumari usiuguse, hata kwa plaizi yako maarufu, atautoa mwenye leseni. Jiko lifunikwe lingoje waya wake mnene, hata ukichukua mwaka. Waya ulioupitisha ukutani utolewe wote, ukuta uchimbuliwe, na udongo uubebe wewe. Umeme usirudi mpaka Ndugu Kasimiri apime na aandike kwa mkono wake kwamba nyumba ni salama. Baridi nayo usije ukaitibu kwa kumwingizia jiko la mkaa chumbani akafa kwa hewa yake. Mpe chupa ya maji moto iliyoviringishwa kitambaa, kila jioni, na uichemshe wewe kwa kuni uani. Bi Hamisa na Mama Cornelia uwaendee mwenyewe, uwaambie huo ukuta waliougusa ni kosa na hutaurudia.

Kwa Kasimiri utakwenda asubuhi, utamwamkia kwa jina lake, utamweleza kila kitu, msumari pamoja. Acha akucheke. Akimaliza, mwombe akuchukue umshikie ngazi, ujifunze mpaka siku utakapofanya mtihani wa ufundi, kwa sababu mkono unao, kichwa ndicho hakijashikwa na mtu. Mzee aliyevumilia kuitwa Bwana Cheti mtaani kwa miezi mitano, akaitikia marahaba, simdhanii kuwa mtu wa kinyongo.

Gazeti linachelewa kuwafikia huko, kwa hiyo sikulingoja. Mtaa na nyumba uliviandika nyuma ya bahasha, nami siku ile ile nilipeleka telegramu kwa Bi Mwanaheri, nikaomba tarishi amsomee kama miwani iko mbali. Nilisema hivi: ZIMA SWICHI KUBWA. ONDOA KITANDA UKUTANI. MUULIZE MFIPA WAKO. Jina lako sikulitaja, kama ulivyoomba.

Basi utakaposoma haya atakuwa ameshakuuliza. Kama ulimwambia telegramu imekosea nyumba, ukunje gazeti sasa hivi uende ukamwambie kweli, ukiwa umekaa chini. Huenda akakufukuza, ni haki yake, na ukifukuzwa utaondoka ukijua kwamba yuko hai na nyumba imesimama. Lakini kwa jinsi ulivyomwandika, mimi nadhani siku nzima atakupita bila kukutazama, wiki nzima atakugombeza mbele ya wageni, na jioni moja, hujui hili wala lile, atakuuliza kama umekula.