Sahihi ya Mtunza Hazina

Maelezo yaliyoandikwa katika kituo cha polisi, Mombasa, Jumanne, tarehe 17 Machi 1964

Jina: Badawi bin Kamaludin
Umri: Miaka 58
Kazi: Tarishi, afisi ya hazina ya jimbo
Makazi: Kibokoni, Mji wa Kale

Nimekuja kwa hiari yangu. Kioko, mpiga taipu wa afisi yetu, amefungiwa humu tangu juzi kwa kosa asilolitenda.

Mnamo Jumanne, tarehe 10 Machi, saa nne asubuhi, Kioko alinipa hati ya malipo ya mabati ya skuli moja ya Tudor. Alikuwa amekosea: shilingi 2,400 akaipiga 24,000. Sifuri iliyozidi aliizungushia kalamu nyekundu. Hesabu ya hati hairekebishwi na mtu ila Mtunza Hazina mwenyewe. Ndiyo kazi anayolipiwa. Kioko aliniambia, "Mzee Badawi, mwambie mkubwa aisahihishe."

Mkubwa huyo, Bwana Athmani Tumu, nilimkuta mbele ya Ngome ya Yesu akipigwa picha na wageni, suti nyeupe, ua kifuani. Afisini humwoni. Nilimwamkia, nikasema, "Bwana, Kioko aomba uisahihishe hati hii."

Hakuitazama. Alisema, "Geuka, mzee," akaiweka mgongoni mwangu. Nilihisi kalamu ikipita mara moja tu.

Nikamuuliza, "Ishakuwa sahihi?"

"Sahihi si hiyo? Peleka dirishani."

Mimi nasoma Kiarabu. Herufi za Kizungu sizijui. Nilidhani amerekebisha. Dirishani walitazama jina lake tu, wakalipa zote, na mwenye mabati hajaonekana tena.

Sasa Bwana Athmani asema sifuri ile Kioko aliiongeza baadaye. Ni uongo, tena uongo wa mtu mvivu. Itazameni hati: wino wa kijani wa sahihi ya Bwana Athmani umepita juu ya duara jekundu. Babake alikuwa mshona viatu hapo Kibokoni, na hakutoa kiatu bila kukikagua. Huyu ametoa fedha za jimbo bila kuinamisha macho. Wakubwa wapumbavu nimewatumikia miaka thelathini na moja, lakini hakuna aliyenifanya meza kisha akamfunga mwenzangu.

Niliyoyaona, na niliyoyahisi mgongoni, ni haya.

Sahihi: Badawi bin Kamaludin (kwa herufi za Kiarabu)

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika mimi, Koplo Jefwa Charo. Shahidi alikataa kutia sahihi hadi nilipomsomea yote mara mbili. Penye 24,000 nilikuwa nimeruka sifuri moja. Nimesahihisha.