Paja la Kusokotea Mkonge

Wakesho mjukuu wangu,

Huku Rukanga tu wazima, na babu yako bado anagombana na nyani shambani. Mama yako anasema umekonda, unaogopa kujidunga insulini tumboni kwa sababu hakuna nyama ya kushika.

Mimi nilipoanza sindano nilikuwa mwembamba kuliko wewe. Paja la kulia lilikuwa la kusokotea mkonge wa vikapu, basi nikawa najidunga la kushoto, kila siku mahali pamoja, maana palishaacha kuuma. Pakafanya uvimbe, na sukari ikapanda. Nesi akapapapasa pale, akasema dawa inakwama. Akanionyesha juu ya tako, upande wa nje, ambapo hata mwembamba hakosi kanyama ka kufinya, na kila mara nihame upana wa kidole.

Lakini huko juu ya tako mkono wangu haukufika vizuri. Ilibidi nimwambie babu yako, niliyekuwa nimemficha sindano tangu anioe. Alinawa mikono, akafinya ngozi, akadunga, akauliza kama inauma.

Nesi wako akuonyeshe mahali. Halafu yule rafiki unayekaa naye chumba kimoja, mwambie. Babu yako ananidunga mpaka leo, na bado anauliza kama inauma.

Nyanya yako